Kupima na Kuongeza Madini Haba Katika Tangi la Matumbawe

Anayefuga matumbawe nyumbani Mombasa ana kigezo ambacho mwenzake wa Nairobi hana, nacho ni bahari yenyewe. Maji ya bahari kuu yenye chumvi ya kawaida, yaani gramu 35 kwa kila kilo ya maji, huwa na kalsiamu ya miligramu 410 hadi 420 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, potasiamu karibu 400, strontiamu karibu 8, na ayodini 0.06 tu. Chuma, manganisi, zinki na shaba huwa chini zaidi ya hapo, kwa viwango ambavyo visanduku vingi vya vipimo vya madukani haviwezi kuvisoma sawasawa. Haya ya mwisho, pamoja na ayodini na molibdeni, ndiyo madini haba, na ndiyo yanayouzwa katika chupa ndogo zenye bei kubwa.

Kabla ya kuyagusa, pima chumvi. Ikiwa chumvi ya tangi imeshuka hadi 33, kila kitu kilichomo kimeshuka nayo: potasiamu itasoma kama 377 na kalsiamu kama 391, na mwenye tangi atanunua dawa mbili ilhali alichopungukiwa ni chumvi. Rifraktomita, yaani kifaa cha kupimia chumvi kwa kupinda kwa mwanga, isahihishwe kwa maji maalumu ya kipimo cha 35, si kwa maji matamu. Kwa joto letu, hasa kwa anayepoza tangi kwa feni, maji hupungua kila siku na chumvi hubaki, kwa hiyo kinachorudishwa ni maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya kisima hayafai, na ya bomba pia hayafai mpaka yapite kwenye mtambo wa kuchuja na kipimo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, kisome sufuri.

Jambo la pili ni kujua tangi lina lita ngapi hasa. Vipimo vya kioo hudanganya, kwa kuwa mawe na mchanga vimechukua nafasi ya maji. Njia isiyo na ubishi ni kuhesabu mitungi ya lita 20 unapojaza kwa mara ya kwanza, ukijumlisha na tangi la chini. Tuseme imeingia mitungi tisa, yaani lita 180, na tutumie hesabu hiyo hapa.

Katika kupima, mkono ndio unaokosea zaidi kuliko dawa. Suuza kichupa mara tatu kwa maji ya tangi lenyewe, kisha vuta maji kwa sirinji huku ukitazama ukingo wa chini wa mpira mweusi, kwa maana kipovu kimoja cha hewa kilichojificha chini ya mpira hutosha kupotosha jibu. Dondosha dawa tone kwa tone, ukitikisa kila baada ya tone, na uweke karatasi nyeupe nyuma ya kichupa mchana kando ya dirisha. Katika kipimo cha kalsiamu rangi hutoka waridi, ikapita zambarau, ikatua kwenye buluu; soma pale ambapo tone linalofuata halibadilishi tena chochote. Dawa za kupimia huharibika kwa joto, hivyo zisikae juu ya kabati la taa. Ukitilia shaka kisanduku, pima nacho maji ya bahari safi yaliyotekwa wakati wa maji kujaa, mbali na mito, kwanza ukihakikisha kwamba chumvi yake ni 35: kama kalsiamu haikukaribia 415, tatizo si tangi.

Ualkali (uwezo wa maji kuhimili asidi, unaopimwa kwa digrii ziitwazo dKH), kalsiamu na magnesiamu ndizo za kutengenezwa kwanza. Ualkali wa bahari ni takriban dKH 7, na tangi likikaa kati ya 7 na 9 bila kuyumba linatosha. Asiyeweza kuutuliza ualkali hana haja na chupa ya manganisi.

Madini haba yenyewe hupimwa kwa maabara ya ICP, ambako maji hupulizwa ndani ya gesi ya agoni iliyopashwa moto mkali mno na kila elementi hutambuliwa kwa mwanga wake. Maabara nyingi zinazohudumia wafugaji ziko ng'ambo, Ujerumani zikiwamo, kwa hiyo sampuli huenda kwa ndege na jibu huchukua muda. Usichukue sampuli siku uliyotia dawa. Peleka pia sampuli ya maji yako yaliyochujwa, kwa sababu mara nyingi ndiko shaba inakoingilia.

Jibu likirudi, piga hesabu kwa kalamu. Potasiamu ikiwa 370 na unataka 400, pengo la miligramu 30 kwa lita 180 ni gramu 5.4 za potasiamu, sawa na gramu 10.3 za kloridi ya potasiamu, zinazogawanywa kwa siku tatu. Sasa tazama ayodini: kutoka 0.03 hadi 0.06 kwa tangi lilelile ni miligramu 5.4, mara elfu moja pungufu. Ikiwa lebo inasema kila mililita ina miligramu 2, tangi zima linahitaji mililita 2.7. Kiasi hicho kisitiwe kwa mkupuo. Changanya mililita 10 za dawa na 90 za maji yaliyochujwa, hifadhi katika chupa ya rangi nyeusi, kisha tia mililita 3 kila siku kwa siku tisa, mahali penye mkondo mkali. (Pampu za kudondoshea zisizohifadhi saa huanza ratiba upya kila umeme unapokatika, na kwa hali ya umeme wetu mimi natumia sirinji.)

Metali huongezwa kwa woga zaidi, na baadhi haziongezwi kamwe. Matumbawe ya tangi langu yaliwahi kujifunga kwa wiki mbili. Nikadhani ni upungufu, nikaongeza mchanganyiko wa madini haba, hali ikazidi. Jibu la maabara lilionyesha shaba na zinki juu ya kawaida. Chanzo kilikuwa koki ya shaba nyeupe niliyofunga mwenyewe kwenye pipa la maji. Haba na haba ilikuwa imejaza kibaba bila mimi kuona. Niliibadilisha kwa ya plastiki, nikabadilisha maji kidogo kidogo na kuweka mkaa wa kuchujia, ambao nao huondoa sehemu ya ayodini, hivyo ayodini ilibidi ipimwe upya. Kagua pia sumaku ya kusafishia kioo; plastiki yake ikipasuka, kutu huingia majini.

Kwa tangi lenye matumbawe machache, kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki mara nyingi hutosha kurudisha madini haba. Anayeteka maji baharini asiteke Kilindini wala Hori ya Tudor, wala baada ya mvua za masika. Asubiri bamvua, maji yakiwa yanajaa, ayachuje na kuyapima chumvi.

Ili kujua matumizi ya kweli, acha kutia dawa na kubadilisha maji kwa siku saba, pima siku ya kwanza na ya nane saa ileile, na ugawanye tofauti kwa saba. Andika tarakimu hiyo kwenye daftari kando ya tarehe, chumvi na joto la siku hiyo, na kipimo cha dawa cha kila siku kitoke hapo, si kwenye lebo.