Jinsi ya kuomba rufaa na kibali cha upasuaji wa vali au mishipa ya moyo

Jopo la madaktari wa moyo likikaa kumjadili mgonjwa, mwenyewe mara nyingi hayupo chumbani. Kilichopo mezani ni faili lake. Kama faili halisemi kwamba usiku unalala umekaa kwa sababu pumzi inakata, jopo halitajua, na jina lako litapangwa kwenye foleni pamoja na wanaoweza kusubiri. Ndiyo maana mwongozo huu unashughulika na faili kuliko kisu.

1. Barua ya rufaa iwe na swali

Anza na daktari wa moyo anayekutibu. Barua inayosema tu "ana tatizo la moyo, apatiwe msaada" haifai. Mwombe aandike ni vali (mlango wa damu moyoni) ipi, imebana au inavujisha, na kwa kiwango gani. Au ni mishipa ipi ya moyo iliyoziba. Ataje magonjwa mengine (kisukari, figo, mapafu, kiharusi cha zamani) na dawa zote pamoja na dozi zake. Mwisho aweke swali lenyewe: mgonjwa huyu apasuliwe kifua, awekewe vali kwa mrija unaopitia mshipa wa paja, awekewe stenti (kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa ubaki wazi), au aendelee na dawa?

2. Kusanya vipimo pamoja na picha zake

Hapa ndipo watu wengi hurudishwa nyumbani, kwa hiyo usiwe na haraka. Ripoti ya eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) lazima iwe na namba. Kwa vali ya aota (inayopitisha damu kutoka moyoni kwenda mwilini) iliyobana, kwa kawaida ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali pale kasi ya damu inapofika mita 4 kwa sekunde, wastani wa tofauti ya shinikizo unapofika 40 mmHg, au tundu la vali linapopungua hadi sentimita 1 ya mraba au chini yake. Ripoti yenye maneno matupu kama "vali imeharibika" itakufanya upimwe upya.

Kwa angiografia (picha za mishipa ya moyo zinazopigwa kwa kutumia dawa ya rangi), usichukue karatasi peke yake. Omba diski au flashi yenye picha zenyewe, kwa sababu daktari wa upasuaji anataka kuona kwa macho yake kama mshipa, baada ya pale ulipoziba, bado ni mzuri wa kushonewa njia mpya ya damu. Hata kama shida yako ni vali, wanaume waliovuka miaka 40 na wanawake waliokoma hedhi kwa kawaida hukaguliwa mishipa pia. Ikikutwa imeziba, yote mawili yanaweza kutengenezwa katika upasuaji mmoja.

Ongeza ECG (kipimo cha umeme wa moyo), picha ya kifua, na majibu ya damu: figo, sukari, wingi wa damu na kundi lake. Kisha nenda kwa daktari wa meno upate barua yake. Bakteria wa jino bovu wanaweza kuingia kwenye damu na kushambulia vali mpya, na maambukizi hayo huua.

3. Andika dalili zako kwa mkono wako

Ukurasa mmoja unatosha. Kwa mfano: "Mwaka jana nilipanda ghorofa mbili bila shida. Sasa nasimama kupumzika katikati ya ghorofa moja. Nalalia mito mitatu. Mwezi uliopita nilizimia nikitembea." Usipunguze makali ili uonekane jasiri. Mwenye vali ya aota iliyobana sana akianza kuzimia, kuumwa kifua au kuishiwa pumzi, bila kutengenezewa vali hiyo kwa kawaida habakiwi na zaidi ya miaka 2 hadi 5. Sentensi ile ya kuzimia inaweza kubadilisha nafasi yako kwenye foleni.

4. Wasilisha, ubaki na nakala

Peleka faili hospitalini na kwa bima kama unayo. Dai muhuri wa kupokelewa, tarehe na namba ya ombi. Uliza kwa maandishi kama kibali kinagusa vali yenyewe, chumba cha uangalizi maalumu, damu, na kliniki za baadaye.

5. Siku ya kuonana na daktari wa upasuaji

Nenda na ndugu anayeweza kuandika. Uliza hatari yako wewe ni asilimia ngapi. Madaktari wana vikokotoo vya kuikadiria, kama EuroSCORE II. Uliza pia hospitali hiyo inafanya upasuaji wa aina yako mara ngapi kwa mwaka, na wangapi hufariki au kupata kiharusi. Ni haki yako, na daktari mzuri hachukizwi na swali hilo.

Ukiwa na kisukari na mishipa kadhaa imeziba, uliza kuhusu baipasi, yaani upasuaji wa kushona mshipa mwingine ili damu ipite kando ya palipoziba. Utafiti wa FREEDOM, uliochapishwa 2012, ulionyesha vifo na mishtuko ya moyo vikiwa vichache kwa waliofanyiwa baipasi kuliko waliowekewa stenti, ingawa viharusi vilikuwa vingi zaidi. Uliza kama watatumia mshipa wa ndani ya kifua, maana hudumu wazi miaka mingi kuliko ule wa mguuni.

Kwa vali, ya chuma hudumu sana lakini inadai warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na kupima INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) maisha yote. Ya tishu (ya mnyama) mara nyingi haidai hivyo, ila huchakaa, na kwa kijana huchakaa upesi. Mwanamke anayetaka kuzaa aseme wazi kabla ya kusaini fomu ya ridhaa: warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

6. Ukikataliwa, au ukiwa unasubiri

Omba sababu kwa maandishi, kisha peleka faili lilelile kwa jopo lingine au ukate rufaa ukiwa na barua mpya ya daktari wako. Dalili zikiongezeka, piga simu uombe faili lipitiwe upya, ukitaja namba ya ombi. Maumivu ya kifua yanayokuja umepumzika na hayaachi, au kuzimia, nenda dharura saa hiyohiyo. Aspirini na klopidogreli (dawa za kuzuia damu kuganda) usiziache mwenyewe kwa kuwa tarehe ya upasuaji imekaribia. Kliniki ndiyo itakayokwambia ipi isimamishwe na siku gani.