Shule inaisha na kijana ana mahitaji maalumu: jinsi ya kumtafutia chuo kitakachomfikisha kazini hapa England

Wazazi wenzangu mlioko England, haya nayaandika kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia mapema. Mwanangu ana usonji na kuelewa kwake ni kwa taratibu, sasa hivi ana miaka 22, anafanya kazi jikoni hospitali siku tatu kwa wiki, analipwa mshahara kama wenzake, na basi anapanda mwenyewe kwenda na kurudi. Ila miaka miwili ya kwanza ya chuo tuliipoteza hivi hivi, na naona familia zetu nyingi zinapita palepale tulipopita sisi. Ninayoyasema ni ya England tu, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

Kwanza usisubiri shule iishe. Kama mtoto ana EHCP, ule mpango wa elimu, afya na matunzo unaoandikwa na kaunsili, yaani serikali ya eneo lenu, basi kila mwaka kuna mkutano wa kuupitia, na kuanzia mwaka wa 9, yaani akiwa na miaka 13 au 14, mkutano huo lazima uzungumzie maisha yake ya ukubwani: kazi, kujitegemea nyumbani, marafiki na kuwa mtu kati ya watu, na afya yake. Hiyo ni sheria, sio hisani ya mwalimu. Sisi wengi tukienda kwenye mikutano ile tunaitikia tu, ndiyo, asante, ndiyo, tunatia saini tunarudi nyumbani, manake tumelelewa kumheshimu mwalimu na Kiingereza cha mle ndani nacho ni kizito. Omba mkalimani, uombe kwa imeili wiki mbili tatu kabla, na uende na mtu, dada yako au shoga yako anayeandika haraka. Kijana mwenyewe awepo hata kama ni kwa dakika kumi. Mwanangu si msemaji, kwa hiyo tulimpiga picha akipanga masufuria, akikunja nguo, akimwagilia maua ya jirani, tukawaonyesha, na mwalimu mmoja akasema hajawahi kujua kama huyu mtoto anapenda jikoni. Amemfundisha miaka mitatu!

Tarehe ya kukaa nayo kichwani ni 31 Machi. Mwaka ambao kijana anahama sekondari kwenda chuo, kaunsili inatakiwa ifikapo tarehe hiyo iwe imeshaurekebisha mpango wake na kuandika chuo atakachokwenda. Kwa hiyo vyuo unaanza kuvitembelea mwaka mzima kabla, sio mwezi wa sita watu wakiwa wanafunga mizigo.

Na ujue kitu kingine, akishapita umri wa shule ya lazima, haki zinazohusu mpango huo zinahama kutoka kwako zinakwenda kwake mwenyewe. Kama kuna maamuzi ambayo hawezi kuyafanya hata akisaidiwa kuelewa, mzazi anaweza kumsimamia, ipo kwenye sheria ya 2005 ya uwezo wa kuamua. Mimi niliwahi kuambiwa na mtu wa ofisi kwamba "kijana ni mkubwa sasa, mama subiri nje". Sikujua la kujibu, nikasubiri nje kweli. Sio sawa, kijana akitaka mama yake aingie, mama anaingia.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe, na hapa tulieni kidogo kwa sababu mambo mengi yanaharibikia hapa. EHCP ina sehemu zenye herufi. Sehemu E ni malengo, sehemu F ni msaada atakaopewa kielimu, sehemu I ni jina au aina ya chuo. Sehemu F ndiyo yenye nguvu, kilichoandikwa mle kaunsili inalazimika kukitoa, na kisichoandikwa huna pa kukidai. Kwa hiyo ukiona maneno kama "atapata msaada inapohitajika" yakatae. Inapohitajika nani anasema? Taka idadi: saa ngapi, kila wiki, na mtu wa aina gani, peke yake au kwenye kundi. Mfano tuliouandika sisi mara ya pili ni saa mbili kila wiki za mafunzo ya kusafiri, mtu mmoja na yeye tu, mpaka aweze kupanda basi la kutoka nyumbani hadi chuoni bila kufuatwa. Malengo nayo ni hivyo hivyo, "ataboresha stadi za maisha" halimfikishi mtu popote, bali sema ifikapo Julai ataweza kupika mlo mmoja wa moto kuanzia kununua vitu mpaka kuosha vyombo.

Kozi zenyewe ziko za aina tatu hivi. Iko koleji ya kawaida ya mjini kwenu, ina kozi za stadi za maisha na maandalizi ya kazi kwa vijana wa mahitaji maalumu, nyingi ziko kwenye ngazi inayoitwa Entry Level ambayo iko chini ya GCSE, ile mitihani ya mwisho wa sekondari. Zipo nzuri sana, na zipo za kumweka kijana tu ili siku ipite. Mwanangu aliwekwa kwenye hiyo ya pili. Miaka miwili analeta vyeti nyumbani, cheti cha kutengeneza sandwichi, mwaka uliofuata cheti cha usalama jikoni ambacho ndani yake alitengeneza sandwichi ileile, na mimi navibandika ukutani nafurahi, hadi siku moja mdogo wake akaniuliza, mama, kaka atapata kazi ya nini? Nikakosa jibu. Lawama si za mwalimu peke yake, mimi sikuwa nimeuliza hata siku moja kozi ile inaishia wapi.

Aina ya pili ni vyuo maalumu, vingine ni vya kulala hukohuko. Foxes Academy kule Minehead, Somerset, wanafunzi wanajifunza ndani ya hoteli inayopokea wageni wa kweli, wanatandika vitanda, wanahudumia mezani. Derwen College ya Shropshire nayo ina hoteli yake na bustani ya kuuza mimea. Ni vizuri mno ila gharama yake ni kubwa na kaunsili nyingi zinakataa mwanzoni, inabidi uonyeshe kwa ushahidi kwamba vyuo vya karibu haviwezi kukidhi mahitaji yaliyoandikwa kwenye mpango. Unaona sasa kwa nini sehemu F iandikwe vizuri.

Ya tatu ndiyo iliyotuokoa sisi, wanaiita supported internship, mimi nasema intanshipu ya sapoti. Ni ya vijana wa miaka 16 mpaka 24 wenye EHCP, inachukua angalau miezi sita, mara nyingi mwaka mzima wa masomo, na muda mwingi kijana hayuko darasani bali yuko kazini kweli kweli na kocha wa kazi pembeni yake. Halipwi mshahara kwa kipindi hicho, ni masomo, lakini shabaha ni ajira ya kulipwa akimaliza. Programu mojawapo inayojulikana ni DFN Project SEARCH, wazo lake lilianzia hospitali ya watoto ya Cincinnati huko Marekani mwaka 1996, na hapa Uingereza hospitali nyingi zinashiriki. Kijana anazungushwa vitengo vitatu kwa mwaka. Mwanangu alianza stoo ya kitani, hakuipenda kwa sababu ya kelele za mashine, akaenda kusukuma matroli ya chakula, mwisho akaingia jikoni na huko ndiko alikobaki. Ule mzunguko ni muhimu mno kwa kijana ambaye ukimuuliza "unataka kazi gani" hana picha kichwani, manake hajawahi kuionja.

Ukienda kutembelea chuo, usiende ile siku ya maonyesho tu wakati kila kitu kimepambwa, omba uende Jumanne ya kawaida. Halafu muulize mkuu wa kozi swali moja kabla ya mengine yote: wanafunzi waliomaliza mwaka jana leo wako wapi? Akikujibu kwa majina ya kazi na sehemu, kaa umsikilize. Akikujibu kwamba wengi "wameendelea na kozi nyingine", uliza ni kozi gani na baada yake wakaenda wapi. Angalia pia jikoni ni nani ameshika kisu. Nilishaona darasa la mapishi ambalo wasaidizi wanakatakata kila kitu na vijana wanatazama.

Na suala la siku za masomo. Vyuo vingi kozi ni siku tatu kwa wiki, mbili zilizobaki kijana yuko kitandani na tableti na mzazi ameacha kazi ili akae naye. Mwongozo wa serikali wa mambo ya mahitaji maalumu wa 2015 unasema kaunsili ifikirie mpango mzima wa siku tano, masomo yakichanganywa na vitu kama kujitolea au kujifunza maisha ya kujitegemea. Sio kwamba watakupa kirahisi, ila omba kwa maandishi. Usafiri nao baada ya 16 si wa bure moja kwa moja, kila kaunsili inatoa utaratibu wake kabla ya mwisho wa Mei, usome na uombe mapema.

Jamani na nyumbani kwetu. Hapa nasema kwa uchungu kwa sababu mkosaji wa kwanza ni mimi. Mtoto wetu mwenye ulemavu tunamfanyia kila kitu, tunamchambulia samaki miiba, tunamfunga viatu ana miaka 17, bibi akipiga simu kutoka Tanga anasema mwacheni mtoto wa watu apumzike. Ni mapenzi, najua. Lakini chuo kinamfundisha Jumatatu kukata kitunguu, akirudi nyumbani haruhusiwi kusogelea jiko mpaka Jumatatu nyingine, atakwenda mbele vipi? Ulizia chuoni wiki hii wanafundisha nini, na kitu hichohicho akifanye nyumbani, kwa hatua zilezile, na picha za hatua zibandikwe ukutani. Kwetu tulianza na chai ya rangi. Wiki tatu chai imejaa iliki mpaka haipandi kooni na sote tukanywa. Kisha chapati za kununua za kupasha, kisha mayai, wali ulitusumbua karibu mwaka. Kupanda basi nako kulikuwa hivyohivyo: kwanza nimekaa naye, kisha nimekaa viti vya nyuma, kisha kaka yake anamsubiri kituo cha kushukia, kisha peke yake, siku hiyo nililia mlangoni tangu saa mbili asubuhi mpaka alipotuma ile picha ya geti la chuo tuliyokubaliana.

Pesa nisizirefushe. Akifika miaka 16 posho ya DLA, ile ya watoto wenye ulemavu, inageuka PIP, ya wakubwa, barua inakuja, usiikalie. Mzazi anaweza kuomba kuwa msimamizi wake wa malipo. PIP haiangalii mshahara, kwa hiyo kupata kazi peke yake hakumnyang'anyi, nasema hivi kwa sababu kuna wazazi wanawazuia vijana kazi kwa hofu hiyo. Tahadhari moja tu, kama viza yenu ina yale maandishi ya kutogusa fedha za umma, PIP ni mojawapo, usijaze fomu kabla ya kuongea na mwanasheria wa uhamiaji.

Kaunsili ikikataa chuo mnachotaka, barua ile ina haki ya rufaa ndani yake na kwa kawaida mna miezi miwili tangu tarehe iliyoandikwa juu yake. Usinune ukae nayo kabatini. Kila eneo lina huduma ya ushauri ya bure inayoitwa SENDIASS, na shirika la IPSEA linatoa ushauri wa sheria bure.

La mwisho ni pale intanshipu inapokaribia kuisha. Kijana akipata ajira ya kulipwa EHCP kwa kawaida inafungwa, isipokuwa akiwa kwenye apprentisi, yaani mafunzo ya kazi yenye mshahara, na kocha wa chuo naye anaondoka na mpango. Kwa hiyo kabla hajaondoka, miezi miwili mitatu nyuma, omba Access to Work, ni fungu la serikali linaloweza kulipia kocha wa kazi na hata nauli kama mabasi hayawezi, na omba kaunsili imfanyie tathmini ya matunzo ya watu wazima. Sisi kocha mpya alikutana na yule wa zamani jikoni palepale kwa wiki mbili, mwanangu akiwaonyesha wote wawili masufuria yanapokaa.