SOMO: Kupanga makochi sebuleni, anza na njia kwanza

Wadau habari zenu. Leo tuongelee sebule, maana watu wengi wananunua makochi mazuri kabisa, yakishaingia ndani yanasukumwa mpaka ukutani pande zote, katikati unabaki uwanja mtupu na watu wakikaa wanaongea kwa kupaza sauti. Mara nyingi tatizo sio makochi wala udogo wa chumba, tatizo tunapanga vitu kabla hatujajua watu watapita wapi.

Hatua ya 1: Pima
Chukua futi, pima urefu na upana wa chumba, madirisha, mlango unafungukia upande gani, soketi ziko wapi, na makochi yenyewe. Chora kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja uwe sentimita 20, halafu kata vipande vya karatasi vya sofa na meza kwa kipimo hichohicho uvisogezesogeze. Kusogeza karatasi hakuumizi kiuno.

Hatua ya 2: Njia
Hapa ndio somo lenyewe. Simama mlangoni, tembea kama unavyotembea siku zote, kwenda jikoni, kwenda vyumbani, kwenda kufungua dirisha. Kote unakopita acha nafasi ya sentimita 75 mpaka 90, na ikiwezekana njia ipite nyuma au pembeni ya makochi, sio katikati ya watu wanaoongea au wanaoangalia tivii. Nafasi inayobaki baada ya hapo ndio ya makochi, na utashangaa maswali mengi yamejijibu yenyewe.

Hatua ya 3: Mkikaa mnatazama nini?
Kama ni tivii, usiiweke mkabala na dirisha, mwanga unapiga kwenye kioo huoni kitu, na ukiiweka mbele ya dirisha macho yanachoka. Ukuta wa ubavuni mwa dirisha ndio mzuri. Umbali chukua ulalo wa skrini (kona mpaka kona) uzidishe kwa 1.5 mpaka 2.5, yaani inchi 55 ni kama sentimita 140, kwa hiyo kaa kuanzia mita 2.1 mpaka 3.5. Na jamani tivii msizipandishe juu sana, katikati ya skrini iwe usawa wa macho ya mtu aliyekaa, la sivyo shingo itakuuma kila siku.

Hatua ya 4: Sofa kubwa kwanza, vingine vifuate
Sio lazima liguse ukuta. Hata sentimita 10 tu zinasaidia hewa kupita, hasa kama ukuta una unyevu, kitambaa hakishiki ukungu. Viti vingine viangaliane nalo, kati ya mtu na mtu isizidi sana mita 2 na nusu, hapo mnaongea kwa sauti ya kawaida. Kabla hujabeba kitu kizito tandika magazeti sakafuni kwa ukubwa uleule wa sofa, yaache jioni nzima muone nani anayakanyaga na anayakanyagia wapi. Pembe inayokanyagwa kila mara ujue ipo njiani, isogeze.

Hatua ya 5: Meza na kapeti
Meza ya kati ikae sentimita 40 mpaka 45 toka kwenye sofa, kimo chake kilingane na pale unapokalia au kiwe chini kidogo. Egemea, nyoosha mkono, kikombe unakifikia bila kunyanyuka? Basi imekaa sawa. Kapeti liwe kubwa angalau miguu ya mbele ya makochi ilikanyage, likibaki peke yake katikati chumba kinaonekana kidogo zaidi.

MASWALI

Swali: Mkuu somo zuri sana. Sebule yangu nyembamba, mita 3 kwa 6, nikipanga inakuwa kama ndani ya basi.
Jibu: Igawe ndugu yangu. Sofa la mita 2.1 lilaze kukatisha upana, ubavuni zinabaki sentimita 90 ndio njia yako, na nyuma ya mgongo wake weka meza ya kulia au ya kusomea. Ukishaacha kupanga kila kitu kufuata kuta ndefu utaona tofauti.

Swali: Nataka kununua sofa la kona, niangalie nini?
Jibu: Ule mkono mrefu upo kulia au kushoto, maana mingi haihamishiki, ukikosea unaziba mlango. Pia pima upana wa mlango, korido na kona ya ngazi, sofa linaweza kutosha sebuleni na lisipite mlangoni.

Swali: Mimi mpangaji, siruhusiwi kutoboa ukuta, tivii nifanyeje?
Jibu: Kabati la sentimita 50 linatosha kabisa. Skrini ya inchi 55 ina kimo cha kama sentimita 68, katikati yake itakuja karibu 90, kwa makochi ya chini iko vizuri. Ifunge kwa mkanda kwenye kabati kama kuna watoto.

Swali: Hapo kwenye watoto, mimi nina wawili wadogo na meza ya kioo, na droo wanazipanda.
Jibu: Dada, meza ya kioo itoe kwanza, weka stuli laini isiyo na pembe. Kwenye droo usisubiri hata wiki, likabati refu lisilofungwa ukutani mtoto akipanda linamwangukia. Lifunge kwa vyuma vya kona na skrubu, vitu vizito weka droo za chini.

Swali: Soketi yangu ipo ukuta wa pili, nipitishe eksitensheni chini ya kapeti?
Jibu: Hapana, usifanye hivyo. Waya unakanyagwa, unachubuka, joto halitoki na moto unaweza kuanzia hapo bila mtu kuona. Uzungushe kando ya ukuta ndani ya mfereji wa plastiki, au muite fundi umeme akuongezee soketi.