Somo: Kumfuga pogona, na kumpiga picha zinazoonyesha hali yake halisi

Picha nyingi za mjusi pogona wanazoniletea wanachama wetu nizitazame zina kasoro moja, na kamera haihusiki nayo hata kidogo: mnyama amepigwa picha akiwa na baridi. Ngozi imefifia na kuwa nyeusinyeusi, tumbo limejaa michirizi, macho yamefumba nusu, na mwenye picha ameandika chini yake kwamba mjusi wake anatabasamu. Mdomo wa pogona umeumbwa na mkunjo ule, anao hata akiwa mgonjwa. Kwa hiyo tunaanzia kwenye kizimba, kamera itafuata. Anayeruka hatua za mwanzo asitarajie mengi kwenye za mwisho.

Pogona (Pogona vitticeps), huyu mjusi mwenye ndevu za miiba, asili yake ni nyanda kavu za ndani ya Australia. Nchi hiyo ilizuia biashara ya kusafirisha wanyamapori wake nje miongo mingi iliyopita, kwa hiyo tunaowafuga Ulaya na Marekani wamezaliwa vizimbani, kizazi baada ya kizazi. Mkubwa hufika sentimita 40 hadi 60 pamoja na mkia, na akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 10 au zaidi. Waliokulia Mwanza wanamjua ndugu yake: yule mjusi wa majabalini, kichwa na kifua vyekundu, mwili wa buluu, anayeota jua huku akitikisa kichwa. Wote wawili ni wa familia ya Agamidae, na ukimwelewa yule wa jabalini, nusu ya somo hili unayo tayari.

HATUA YA 1: Kizimba

Mkubwa mmoja anahitaji kizimba cha sentimita 120 kwa 60 kwa 60, si chini ya hapo. Urefu huo ndio unaokuwezesha kuwa na upande wa joto na upande wa ubaridi, ili mjusi achague mwenyewe. Weka mmoja tu. Wawili pamoja hugombana, na yule mnyonge hudhoofika polepole bila wewe kuona ugomvi wowote.

Chini tandika vigae au karatasi nene. Mchanga mtupu siupendi kwa wadogo, kwani huumeza pamoja na wadudu na tumbo likaziba. Vigae vina faida nyingine: vinasaga kucha, na kwenye picha havirushi rangi ya ajabu tumboni.

HATUA YA 2: Joto

Mahali pa kuotea, juu ya jiwe au gogo lenyewe, pawe na nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi. Upande wa ubaridi uwe 24 hadi 28. Usiku joto likishuka hadi 20 hivi hakuna neno, na taa zote zizimwe, hata zile nyekundu zinazouzwa kwa ajili ya usiku. Pogona anahitaji giza ili alale.

Pima kwa kile kipimajoto cha kuelekezea, upime uso wa jiwe. Kipimajoto cha kubandika ukutani kinapima hewa ya kona yake tu. Taa ya joto iunganishwe na kidhibiti joto, na taa zote ziwe kwenye taima: saa 12 hadi 14 za mwanga kwa siku. Mawe ya umeme yanayopasha kutoka chini usiyanunue kabisa, yanaunguza tumbo.

Joto ndilo linalosaga chakula ndani ya mjusi, kwa sababu mwili wake hautengenezi la kutosha. Rangi nayo hufuata joto. Asubuhi akiwa wa baridi, mgongo unakuwa mweusi ili unyonye joto haraka. Akishapata moto anang'aa: manjano, chungwa, kahawia ya dhahabu. Ukiona amekaa chini ya taa na mdomo wazi, anapunguza joto la ziada, na hilo ni jambo la kawaida mradi ana pa kukimbilia kwenye ubaridi.

HATUA YA 3: Taa ya UVB

Hapa ndipo wengi wanapowapotezea mijusi wao afya. Taa ya joto na taa ya UVB, yaani ya miale ya urujuanimno kama ile ya jua, ni vitu viwili tofauti. Bila UVB ngozi haitengenezi vitamini D3, bila D3 utumbo haunyonyi kalsiamu, na mwili unaanza kuikopa kutoka kwenye mifupa. Matokeo yake ni matege: taya linalolegea, vidole vinavyotetemeka, miguu iliyopinda, mnyama asiyeweza kuinua tumbo kutoka sakafuni. Mifupa ikishapinda hivyo hainyooki tena.

Nunua tyubu ndefu nyembamba ya aina ya T5, yenye UVB ya asilimia 10 hadi 12, ifike karibu theluthi mbili za kizimba, na iwe upande uleule wa taa ya joto. Umbali kutoka mgongoni mara nyingi ni sentimita 30 hadi 40, lakini soma maelezo ya mtengenezaji. Usiweke kioo wala plastiki katikati, huzuia UVB. Ndiyo maana kumweka dirishani wakati wa baridi hapa Birmingham hakumsaidii chochote kwa upande huo, hata jua likiwaka. Na tyubu ibadilishwe kila baada ya miezi 12 hivi ingawa bado inawaka, kwa sababu UVB hufifia kabla ya mwanga unaoonekana na macho yako hayawezi kukuambia. Andika tarehe kwenye tyubu yenyewe kwa kalamu ya wino mzito.

HATUA YA 4: Chakula

Mdogo hula wadudu zaidi, mkubwa hula majani zaidi. Nyenje, nzige na mende wa dubia wanafaa. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi, na apakwe unga wa kalsiamu. Kwa majani, sukuma wiki ni chaguo zuri sana, pamoja na majani ya dandelioni na vipande vya boga. Mchicha na spinachi viwe vya mara mojamoja, vina oksalati inayoifunga kalsiamu. Parachichi ni sumu. Kwa wanachama wa Marekani: vimulimuli vya huko vinaua pogona, na mmoja tu anatosha, kwa hiyo wadudu wa bustanini waacheni bustanini.

HATUA YA 5: Kumzoesha mkono na kamera

Juu ya utosi wa pogona kuna doa dogo lililopauka. Hilo ni jicho la tatu. Halioni sura za vitu, lakini linahisi mwanga na kivuli. Chochote kinachotokea juu kwake ni mwewe, hata kama ni mkono unaomlisha kila siku. Basi njoo kwa upande, mkono ukiwa chini usawa wa kifua chake, umbebe kwa kushika kifua na miguu ya nyuma pamoja. Mkia usiushike. Wa pogona ukikatika hauoti tena.

Kamera nayo iwekwe karibu na kizimba siku kadhaa bila kupiga chochote. Akianza kuendelea kula huku lenzi ikimtazama, yuko tayari.

HATUA YA 6: Saa na mwanga

Subiri taa ziwe zimewaka saa moja hivi na awe ameota vya kutosha. Hapo macho yako wazi na rangi imetoka. Akila kwanza, mwache asage chakula chini ya taa yake, picha zingoje.

Mwanga ninaoupenda kuliko wote ni wa dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Sogeza meza, tandika kitambaa cha rangi ya udongo, weka gogo lake analolizoea, kisha upande wa pili simamisha kadibodi nyeupe ili vivuli vilainike. Chumba kiwe na joto. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, halafu arudi kwenye taa yake. Akianza kuwa mweusi kabla ya hapo, kipindi kimekwisha.

Ukipiga ndani ya kizimba, utakutana na taa mbili zenye rangi tofauti: ya joto ni ya manjano, tyubu inaelekea buluu. Pima weupe (white balance) wa kamera kwa karatasi nyeupe mahali alipokaa. Kioo kifute, zima taa za chumbani, vaa nguo nyeusi, na gusisha lenzi kwenye kioo ili usijione mwenyewe ndani ya picha. Mistari myeusi ikitokea kwenye picha, ni mmweko wa taa za LED. Kwa umeme wa Ulaya na Afrika Mashariki weka kasi ya shata 1/50 au 1/100, na kwa Marekani 1/60 au 1/125.

HATUA YA 7: Kupiga

Shuka. Lala sakafuni ikibidi, lenzi iwe usawa wa jicho lake. Picha ya kutoka juu inamtisha yeye na inamfanya aonekane bapa kama chapati. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe, kila mara. Tundu la lenzi la f/8 litakupa jicho na ndevu kwa pamoja, f/2.8 kwa karibu itakupa jicho tu na pua yenye ukungu. Kwa mjusi aliyetulia 1/125 yatosha. Ukitaka ulimi ukinasa nzige, panda hadi 1/1000, ongeza ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) bila woga, na piga mfululizo.

HATUA YA 8: Picha ya kumbukumbu

Hii ndiyo picha muhimu kuliko zote, ingawa hakuna atakayeisifia. Kila wiki mpige mahali palepale, kwa mwanga uleule, karibu na rula: ubavu mmoja, ubavu wa pili, uso, miguu ya nyuma, na vidole kwa karibu. Andika na uzito wake kwa gramu. Taya linaloanza kuvimba, ngozi kuukuu iliyobana ncha ya kidole na kuzuia damu, mkia unaobadilika rangi kutoka nchani, haya yote huja polepole mno kwa mtu anayemwona kila siku. Ukiweka picha za miezi mitatu pembeni kwa pembeni, utayaona. Na daktari wa wanyama atakushukuru kwa picha hizo kuliko kwa maelezo marefu.

Kuna picha ambazo sitazifundisha. Kumpoza mjusi kwenye friji ili atulie ni ukatili. Kumvalisha nguo, kumfunga uzi, kumchokoza ili ndevu ziwe nyeusi na zivimbe, vilevile. Mnyama aliyechokozwa hubaki na hofu ya kamera, na hutapata tena picha yake akiwa ametulia.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Pogona wangu ananyoosha mkono mmoja na kuuzungusha taratibu. Ananisalimia?

Marahaba mwanangu. Anasema "mimi ni mdogo, usinidhuru". Wadogo hufanya hivyo mbele ya wakubwa. Kama anafanya akiwa peke yake kizimbani, huenda anaona taswira yake kwenye kioo. Bandika karatasi upande huo kwa nje. Piga picha yako moja, kisha sogea nyuma umpe nafasi.

Mimi nina simu tu. Nijaribu?

Jaribu, dada. Usikuze kwa vidole, sogea mwenyewe, na ukiwa na lenzi ya pili ya kuvuta karibu tumia hiyo. Gusa skrini kwenye jicho lake ufunge fokasi hapo, halafu shusha mwanga kidogo ili magamba yasiungue na kuwa meupe.

Flashi inamdhuru?

Sina sababu ya kusema inapofusha, lakini flashi ya mbele inamshtua na inayafanya magamba yang'ae vibaya. Dirisha linakupa zaidi. Ukilazimika, irushe kwenye dari jeupe.

Kaka, niko Nairobi. Naweza kuagiza mmoja? Au nimshike huyu wa kwenye mawe nimfuge?

Kuagiza mnyama hai kunahitaji vibali vya mifugo na vya wanyamapori, kwa hiyo anza na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya kabla hujalipa mtu shilingi moja. Wa kwenye mawe usimshike. Ni mnyamapori, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda, na mara nyingi waliokamatwa porini hukataa kula hadi wafe. Lakini mpige picha! Keti mbali na jabali saa tatu asubuhi, lenzi ya milimita 300, usisogee. Dume mwekundu atarudi kwenye kilele chake mwenyewe. Nawaonea wivu mlio karibu nao.

Nina mtoto wa miaka mitatu nyumbani, mume wangu ana wasiwasi wa magonjwa.

Wasiwasi wake una msingi, mama. Pogona mzima wa afya anaweza kubeba salmonela. Kwa watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu, ushauri wa kawaida ni wasimguse kabisa. Wengine wanawe kwa sabuni kila wanapomshika. Vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, na asitembezwe mahali panapoandaliwa chakula, hata kama meza ya jikoni ndiyo yenye dirisha zuri.

Tangu Desemba wangu amejichimbia upande wa ubaridi, hali chakula, analala tu. Anakufa?

Ana umri gani, ndugu, na ana uzito gani? Mkubwa mwenye afya anaweza kuingia usingizi wa majira ya baridi kwa wiki kadhaa hata taa zikiwa sawa. Wa chini ya mwaka mmoja, au anayepungua uzito haraka, au mwenye macho yaliyozama, huyo apelekwe kwa daktari wiki hii. Peleka na choo chake kikachunguzwe minyoo. Mkubwa usimlazimishe kula akiwa na baridi, chakula kitaoza tumboni. Mpime uzito kila wiki, mwekee maji, na nitumie picha mbili: ubavu, na shina la mkia pale linapoanzia kwenye nyonga. Kama mifupa ya nyonga imechomoza, usingoje jibu langu.