Kabuti la askari wa Kifaransa wa 1914, kwa mkono wa fundi wa kanzu

Neno kabuti tunalo siku nyingi, ingawa nguo yenyewe hapa Unguja haina kazi. Wafaransa wanaiita capote. La kwanza nilimshonea Mfaransa mmoja anayekuja Jambiani kila mwaka. Kwao ni katika wale wanaoigiza maisha ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, na huko ukitokea na kishikizo kisicho chake wenzako wanakusimanga mpaka jioni. Alinijia na kabuti la zamani la kunakili na kitambaa chake. Sasa nimeshashona manne. Naandika kwa fundi anayejua tayari kushona koti au kanzu. Asiyejua aanze na hizo.

Kwanza, jua unashona lipi. Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Kabuti la mtindo wa 1877 ni la rangi ya kijivu cha chuma kinachoelekea buluu, na lina safu mbili za vishikizo, sita kila safu. Agosti 1914 askari wa miguu waliingia vitani nalo, pamoja na suruali nyekundu. Lile la buluu ya mawingu lilienea baadaye, mwaka 1915. Rangi ile nayo ina kisa chake: kitambaa kipya kilipangwa kiwe cha sufu ya buluu, nyeupe na nyekundu zilizochanganywa, lakini rangi nyekundu ilikuwa ikitoka Ujerumani. Vita vilipozuka, nyekundu ikaachwa, ikabaki ile buluu iliyopauka. Kwa hiyo mteja akikwambia "nataka la 1914", muulize mwezi gani.

Kitambaa. Sufu nzito, iliyoshindiliwa hata nyuzi hazionekani. Katika maduka ya Mchangani sijaipata, mteja aje nayo. Kwa mtu wa wastani nachukua mita 3 na nusu za upana wa sentimita 150. Usikikate siku hiyo hiyo. Tandaza kitambaa kilicholoweshwa juu ya sufu, kandamiza pasi, inua, sogea, usiburute. Fanya hivyo kote, kisha iache ilale usiku kucha. Kabuti la kwanza niliona hii ni kazi ya wenye wasaa, nikakata. Nilipokuja kupiga pasi, upande mmoja wa mbele ulisinyaa sentimita 2 kuliko wa pili na safu za vishikizo zikaenda kama ngazi ya mnazi. Upande ule niliukata upya, kwa hasara yangu.

Sufu ina manyoya, na manyoya yana mwelekeo. Pitisha kiganja: upande laini uelekee chini, katika kila kipande. Mkono wa kabuti ukiukata kinyume, dukani hutaona kitu. Utoe barazani juani, utaonekana wa rangi nyingine.

La majaribio. Fundi wa hapa atakimbilia marikani. Marikani itakudanganya kwa wepesi wake. Mimi nanunua blanketi la kijivu la bei ndogo, nakata badani (kiwiliwili cha nguo), mikono na kola, napiga bandi, ule mshono wa muda, namvalisha mteja juu ya fulana nzito. Kifuani ongeza sentimita 12 hadi 15 juu ya kipimo cha mwili, kwa sababu kabuti huvaliwa juu ya nguo nyingine. Mwambie anyanyue mikono kama anayebeba bunduki, kisha achuchumae. Likivuta mgongoni, shida mara nyingi ni kwapa lililokatwa chini mno.

Kukata na kuunga. Usitafute taharizi, vile vipande vya ubavuni vya kanzu, hakuna. Mkono ni wa vipande viwili, wa juu na wa chini, na umepinda kidogo kwenye kiwiko. Sindano namba 18, cherehani ya kanyagio ya chuma. Za plastiki zinakwama penye tabaka nne. Kila ushono ufungue kwa pasi na mvuke, kisha hapo hapo ugandamize kwa kibao cha mbao ngumu mpaka upoe. Kibao kinanyonya mvuke na ushono unalala. Umeme ukikatika, usisikitike: pasi ya mkaa kwa uzito wake inafaa zaidi kwa sufu. Angalia majivu tu.

Kola na kifua ndipo pa kukaa kitako. Ndani weka kitani kigumu, ukishike kwa mishono midogo ya mshazari, ya mkono, sindano ikiokota uzi mmoja tu wa sufu ili nje kusionekane alama. Unaposhona, ikunje kola juu ya vidole vyako, ijifunze kupinda. Gundi ya kubandika kwa pasi usiiguse. Kwanza si ya zama zile, na kwa unyevu wetu inabanduka na kufanya malengelenge. Kolani huja kiraka chekundu chenye namba ya kikosi kwa buluu. Namba aitaje mteja.

Pembe za mbele. Askari alikuwa akizikunja nyuma na kuzifunga kwa kishikizo ili magoti yapate nafasi ya kutembea. Kwa hiyo upande wa ndani wa pembe utaonekana, nao ushonwe safi kama wa nje. Nyuma acha mpasuo.

Vishikizo. Vya shaba, vyenye bomu linalowaka moto, alama ya askari wa miguu, hivi vinaagizwa. Matundu ni ya mkono. Paka uzi nta ya nyuki, laza uzi mnene ukingoni, uufunike kwa mishono inayobanana. Aliyewahi kudarizi kofia atayamaliza kwa siku moja, na atashangaa yanavyosifiwa. Mimi yananichukua mbili.

Pasi ya mwisho ipite juu ya kitambaa, isiguse sufu, ama itang'aa kama suruali ya karani.

Likikaa dukani likisubiri mwenyewe, usilifunge kwenye nailoni, litaota ukungu. Litungike penye upepo, na kila mfuko utie konzi ya karafuu ndani ya kitambaa, nondo wasilikaribie. Mfaransa wangu alilijaribu saa saba mchana, kaskazi imepamba moto. Alivumilia mpaka kishikizo cha nne.