Anza na begi la mama mdogo: kupunguza vitu kwenye fleti na kuzipata tena Jumamosi

Nina miaka 17 nikitunza stoo ya vipuri vya magari Gerezani. Niulize beringi ya gurudumu la mbele iko rafu gani, nitakujibu bila kuinuka kitini. Lakini nyumbani, ghorofa ya tatu Upanga, Dar es Salaam, vyumba viwili na sebule, watu wanne, nilitafuta mkasi siku mbili nikaishia kununua mwingine. Nilipofungua mtoto wa kabati niuweke, nikaukuta ule wa zamani, na wa tatu ambao mpaka leo sijui ulitoka wapi.

Hata hivyo si mkasi ulionichosha, ni Jumamosi. Kila Jumamosi nilikuwa nahamisha vitu. Nasogeza mabegi nipige deki, nayarudisha. Natoa vyombo kwenye shokesi nifute vumbi, navirudisha. Saa nane mchana ndio nakaa, mgongo unawaka, watoto wameinamia simu, na nyumba ni ileile ya jana. Siku moja binti yangu wa miaka minane akatoka shule na kazi ya nyumbani: andika sentensi tano, wikiendi mlikwenda wapi. Akaniuliza, "Mama, niandike tulisogeza mabegi?"

Basi nikafanya nyumbani ninachofanya stoo kila mwisho wa mwaka: hesabu. Ilinichukua wiki sita, saa moja na nusu kila Jumamosi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa mbili ikigonga unaacha, hata kama kabati liko wazi. Ukisema unafanya siku nzima, saa sita joto limekukamata, umezungukwa na malundo, na utarudisha kila kitu kilikotoka kwa hasira. Mimi nilifanya Juni na Julai, wakati wa kipupwe. Masika usijaribu: nguo ulizozitoa zinakaa kwenye unyevu, zinashika ukungu kabla hujajua unampa nani.

Stoo haihesabiwi huku mzigo unashuka. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kufunga kupokea. Wiki zote sita hatukununua kitu cha kukaa ndani: hakuna ndoo kwa sababu inauzwa bei nzuri, hakuna kusimama Ilala kwenye mitumba "kuangalia tu". Chakula na sabuni, basi. Mume wangu aliona ni rahisi, mpaka alipokutana na machinga mwenye feni ya kuchaji.

Halafu chukua daftari la kawaida, chora safu tatu: kitu, ni cha nani, kinakwenda wapi. Usiguse chochote bado. Zunguka tu na kalamu, chungulia chini ya vitanda, juu ya makabati, nyuma ya mlango. Mimi niliandika mistari 63 Jumamosi ya kwanza, na safu ya pili ndiyo iliyonikalisha chini. Mistari 26 haikuwa yetu! Begi la bluu la mama mdogo, tangu alipokuja kutibiwa Muhimbili. Maboksi mawili ya shemeji aliyekuwa anahama Kinondoni. Godoro la mpwa aliyemaliza chuo. Sufuria kubwa za kikundi, zilizopikia msiba wa jirani na hakuna aliyezifuata. Wanaoandika ushauri wa kupunguza vitu hukuambia ujiulize kama unakipenda kitu au hukipendi. Begi la mama mdogo nilipende nisilipende linanihusu nini? Nyumba zetu ni stoo za ukoo, kwa hiyo anza na vya watu. Ndivyo vikubwa, na huna cha kuamua, ni kupiga simu tu.

Ila simu ina namna yake. Ukiuliza "bado unalihitaji?", umekwisha. Utaambiwa "acha likae tu mwanangu, nitalifuata." Uliza siku.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama mdogo, lile begi lako la bluu nimelianika, naogopa nondo wasiingie kwenye vitenge. Nilipakie kwenye basi Jumatano au Alhamisi?"

"Eh! Kumbe lipo? Alhamisi, nitamtuma kijana stendi."

Likaenda Muheza. Mzigo wa basi unaupeleka Mbezi, Kituo cha Magufuli. Andika jina na namba ya simu ya anayepokea nje ya begi, na karatasi nyingine kama hiyo uitie ndani, maana ya nje huchanika. Chukua risiti, ipige picha pamoja na namba za basi, mtumie anayepokea kabla basi halijaondoka. Shemeji alikuja na bajaji akalalamika ngazi ni nyingi. Sufuria za kikundi nilizipeleka mwenyewe kwenye kikao, nikazikabidhi mbele ya watu. Katika Jumamosi mbili tu sakafu ya chumba cha watoto ilionekana mpaka ukutani.

Vyetu wenyewe sasa. Anza na mahali pa kupita, yaani korido na varanda, ili upate pa kusimama. Picha za ukutani, barua na nguo za marehemu ziache mwisho kabisa, au ziache moja kwa moja. Khanga za mama yangu ziko 11 na hazina safu ya tatu.

Kwenye varanda kulikuwa na madumu 15. Hapa usimsikilize anayekuambia kitu usichokigusa mwaka mzima kitoke. Mwishoni mwa 2022 mto Ruvu ulipopungua tukaingia kwenye mgao wa maji, watu ghorofani waliokuwa wamegawa madumu yao walishuka ngazi kuazima. Pima kwa matumizi yako: sisi wanne tunakwenda na lita 80 kwa siku tukijibana, nikabakiza madumu manane ya lita 20, siku mbili hizo. Saba yakaenda kwa mama muuza uji wa pale chini.

Jikoni nilikuta mfuko wa rambo umejaa rambo. Ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019! Nilikuwa nimeitunza kama mali ya makumbusho. Hotpoti saba, tukabakiza tatu. Vyombo vya shokesi, vile vya wageni ambavyo wageni wenyewe hawajawahi kuviona kwa sababu wakija tunaona aibu kuwafanya wasubiri, nilivishusha vikawa vya kila siku, na vikombe vilivyobanduka rangi ndivyo vikatoka. Chupa ya chai ya zawadi ya harusi yetu, bado ina karatasi ya dukani. Iweke karibu, tutaihitaji.

Vitenge vya sare ni mtihani. Nilikuwa na sare za harusi tisa, nyingine sikumbuki bibi harusi alikuwa nani. Fundi wa mtaani alinitengenezea foronya za mito ya makochi kutoka kwenye nne, mbili zikawa aproni. Zilizobaki zilikwenda kwa wenye miili midogo. Kadi za michango zilijaa boksi la viatu. Usizichome hivyohivyo. Kaa na daftari uandike nani alikuchangia, kiasi gani, shughuli ipi, kwa sababu hilo ni deni la heshima na siku yake itafika. Ukishaandika, karatasi haina kazi.

Umeme sitauzungumza sana: waya wowote usioujua ni wa nini, mwezi mmoja kwenye boksi, asipoulizia mtu unatoka. Tulikuwa bado na antena ya bomba, na Dar ilizimiwa matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012. Simu mbovu toa laini na kadi ya kumbukumbu kwanza. Kijana wa vyuma chakavu akija na mzani wake, mwombe auning'inize mtupu uone mshale uko wapi kabla hajapima.

Na fungua kila kopo. Nasema hivi kwa uchungu. Kulikuwa na kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, zito, nikalitikisa likalia, nikajua ni misumari. Nikalipimisha pamoja na antena. Wiki mbili baadaye, kwenye gunia lililokuwa nyuma ya begi la mama mdogo, tukakuta bao la mninga la babu yake mume wangu. Akalifuta vumbi kwa kiganja, shimo kwa shimo, kisha akauliza kete ziko wapi. Ziko kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati. Hakugomba. Alivaa kandambili akamfuata yule kijana mpaka Jangwani, akarudi mikono mitupu.

Jumamosi ya saba ilipofika hakukuwa na cha kusogeza. Deki ya nyumba nzima ilichukua dakika 40, saa moja na nusu asubuhi tukabaki tunatazamana. Hapa wengi hujaza nafasi kwa kwenda kununua vitu, ndiyo maana ni vizuri kuwa na safari mfukoni. Zetu ni tatu, zote za gharama ndogo.

Ya kwanza inataka uangalie mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji huwa bamvua, yaani yanajaa sana na kupwa sana, na kwetu bamvua inapwa vizuri asubuhi, kama saa nne. Tunaondoka saa moja kwa miguu, chupa ya chai na chapati kwenye kikapu, tunapanda Daraja la Tanzanite. Lina kilomita moja na mita 30 juu ya bahari, limeanza kutumika 2022, na pembeni kuna njia ya waenda kwa miguu. Ukiwa katikati upepo unakupiga usoni na Upanga iko nyuma yako. Tunafuata barabara ya kando ya bahari polepole mpaka ufukwe wa Coco, na tunapofika maji yamerudi mbali, watoto wanatembea kwenye miamba wakichungulia madimbwi: kaa, samaki wadogo, konokono. Waachie viatu miguuni, miamba ile inakata. Na ukiona maji yameanza kurudi, rudini nayo. Wiki ya maji mafu, yasiyopwa mbali, tunakwenda jioni badala ya asubuhi, kula mihogo ya kukaanga na kachumbari. Pilipili omba iwekwe pembeni.

Ya pili ni Feri, soko la samaki, alfajiri. Mume anasimama kwenye samaki, mimi siwezi kelele za mnada, nachukua watoto tunapanda kivuko kwenda Kigamboni na kurudi, nauli yangu shilingi 200. Hatuendi popote, tunatazama meli tu. Mtoto wa kiume, yuko kidato cha pili na amekwishaanza kuona aibu kutembea nasi, lakini kivuko hajakikataa.

Ya tatu ni Jumapili mchana, Bustani ya Mimea pale Samora. Wajerumani waliianzisha 1893 kwa kujaribia mimea, na tausi wanatembea humo kama wenye nyumba. Hatua chache ni Makumbusho ya Taifa, ambako binti yangu alisimama muda mrefu mbele ya Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai 1959, kisha akasema meno yake ni kama ya jirani yetu. Sikumuuliza jirani yupi.

Wiki moja baada ya safari yetu ya kwanza ya daraja, simu ikalia. Mama mdogo.

"Mwanangu, nenda Mbezi, nimekutumia mzigo."

Machungwa, nikajua. Muheza mwezi wa saba ungetegemea nini kingine? Nilikuwa nimemsimulia habari ya kete, nikijicheka mwenyewe. Katikati ya machungwa kulikuwa na soksi moja ya kiume, imefungwa fundo, ndani yake komwe, zile mbegu za kuchezea bao. Aliwatuma wajukuu kuzichuma. Tulizimwaga kwenye meza ya chakula, ambayo zamani usingeona mbao zake, na binti akazihesabu mara mbili: 64, na tatu za akiba.

Mume wangu anamfundisha mwanawe namua, sehemu ya kwanza ya mchezo wa bao. Kete sita kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili na mbili mashimo yanayofuata, 22 mkononi kila mmoja. Kijana alicheza vibaya mara nne, mara ya tano baba yake akanyamaza muda mrefu akitazama mbao. Chai ilipoa mezani.

Machungwa yalikuja ndani ya lile begi la bluu. Liko chini ya kitanda cha watoto. Mstari wa 64: begi, la mama mdogo, Muheza, Alhamisi.