Kuweka dashibodi ya Headlamp kwenye klasta ya minikube

Kusimika dashibodi kwenye klasta ya Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu ndani ya kontena) iliyo ndani ya kompyuta yako ni kazi ya dakika chache. Panapowakwamisha wengi ni kwenye tokeni, yaani msimbo wa kuingilia: ama inakataliwa, ama inampa yeyote aliye nayo mamlaka juu ya klasta nzima. Tunatumia Headlamp, dashibodi ya kutazama klasta kupitia kivinjari, kwa sababu Kubernetes Dashboard ya zamani haiendelezwi tena.

Docker iwe inafanya kazi, kubectl (ya kuipa klasta amri) na Helm (ya kusimika programu kwenye klasta) ziwe zimeshawekwa. minikube, programu inayoendesha klasta ndogo kwenye kompyuta yako, huridhika na memori ya GB 2, lakini ni heri uipe 4:

```
minikube start --cpus=2 --memory=4096
minikube addons enable metrics-server
```

Ukiruka metrics-server, inayokusanya vipimo vya matumizi, dashibodi itafunguka vizuri tu, ila hutaona matumizi ya CPU na memori. Ipe dakika moja hivi ianze kukusanya vipimo, kisha jaribu `kubectl top nodes`. Baada ya hapo, weka Headlamp yenyewe:

```
helm repo add headlamp https://kubernetes-sigs.github.io/headlamp/
helm repo update
helm install headlamp headlamp/headlamp -n kube-system
```

Subiri podi (kifurushi cha kontena kinachoendesha Headlamp) ifike `Running`. Ikiganda kwenye `ImagePullBackOff`, nodi (mashine ya klasta) imeshindwa kupakua imeji (faili ya programu ya kontena), na mara nyingi chanzo ni intaneti au proksi. Sababu kamili utaikuta mwishoni mwa majibu ya `kubectl describe pod`, chini ya `Events`.

Sasa tokeni. Helm imeshaunda akaunti ya huduma (service account, akaunti ya programu badala ya mtu) iitwayo `headlamp`, na wengi huchukua tokeni yake bila kufikiri. Akaunti hiyo, kwa mipangilio ya kawaida, imefungwa kwenye `cluster-admin`, jukumu lenye mamlaka yote: aliyeipata tokeni yake anaweza kufuta chochote. Tengeneza yako, ya kutazama tu:

```
kubectl -n kube-system create serviceaccount mtazamaji
kubectl create clusterrolebinding mtazamaji --clusterrole=view --serviceaccount=kube-system:mtazamaji
kubectl -n kube-system create token mtazamaji --duration=8h
```

Usipotaja muda, tokeni hudumu saa 1, kisha unarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia. Miongozo ya zamani hukuambia uitafute ndani ya Secret, yaani hifadhi ya siri ya Kubernetes. Tangu toleo la 1.24 Kubernetes haiundi tena Secret hiyo yenyewe, kwa hiyo utatafuta hadi uchoke. Na ukiona `forbidden` ukifungua nodi au Secret, usihangaike kurekebisha: `view` hairuhusu hivyo viwili.

Fungua njia ya kuifikia dashibodi kwa port-forward, inayounganisha poti (mlango wa mtandao) ya kompyuta yako na dashibodi:

```
kubectl -n kube-system port-forward svc/headlamp 8080:80
```

Nenda `http://localhost:8080`, bandika tokeni. Terminali iache wazi. Poti ikiwa imeshikwa na programu nyingine, badilisha namba ya kushoto pekee, mfano `9090:80`. Ukurasa ukikatika ghafla, angalia kama podi imeanza upya: port-forward hushikilia podi moja iliyoikuta mwanzoni, na hiyo ikiondoka, huna budi kuendesha amri tena.

Klasta ikiwa kwenye seva ya mbali, usishawishike kuongeza `--address 0.0.0.0`, inayofungua poti kwa mtandao wote. Hii ni HTTP tupu, tokeni inasafiri bila kufichwa. Endesha port-forward kwenye seva, halafu kwenye kompyuta yako pitisha poti hiyo kupitia SSH, ambayo huficha data:

```
ssh -L 8080:localhost:8080 jina@seva
```